Msingi wa Chumba Kimoja

Niliporudi Nyanungu baada ya kuzurura miaka mingi, mama alinipa ugali na maji ya kuoga. Kitanda hakunipa. Kwetu Wakurya, mwanamume aliyetahiriwa halali nyumba ya mama yake. Hujenga kijumba chake pale pale uani. Mimi ndevu zilikuwa zimeanza mvi na kijumba sina. Mama akanionyesha banda la mbuzi, akaniita mura, yaani kijana, kama zamani.

"Lala hapo, mura. Ujenge kabla ya mvua."

Nilichora ramani chini kwa kijiti: chumba kimoja, dirisha moja. Shule niliiacha mapema, lakini mraba naujua.

Tatizo lilikuwa mafundi. Aliyejua kufyatua tofali na aliyejua kuezeka, wote walikuwa mashimoni wakitafuta dhahabu. Nikapata wachimbaji wawili waliokuja nyumbani kuzika, wakakubali kunichimbia msingi. Pande tatu walichimba vizuri. Kwenye kona ya upande wa nne wakagonga jiwe jeupe. Mmoja akalilamba, kama wapimavyo mawe ya dhahabu mashimoni, akamtazama mwenzake.

"Kaka, hapa tuongeze kidogo."

"Kwa chumba kimoja?"

"Si unataka nyumba imara?"

Nilitaka kuona, nikashuka nao.

Jirani akaja na ndoo. Mwalimu wa shule yetu, mtu wa mkoa mwingine, akaja kutuelimisha kwamba lile ni jiwe la kawaida na sisi ni wajinga. Jioni alirudi amevaa gambuti, na sururu begani. Kona ikazidi kwenda chini mpaka tukashuka kwa kamba, na udongo uliotoka ukafunika ramani yangu, dirisha na vyote.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, wale wachimbaji wawili waliponda mawe, wakaosha kwenye karai. Tuliinamia karai lile kama watu walio kanisani. Ulibaki mchanga mweusi tu. Jirani akakumbuka ng'ombe wake. Mwalimu akasema yeye alijua tangu mwanzo, akaondoka na sururu yake.

Mama akasogea ukingoni, akachungulia.

"Kina kinatosha."

"Kinatosha nini, mama?"

"Choo, mura. Kile cha zamani kimejaa. Laza magogo, upandishe ukuta."

Nilipandisha. Chumba kimoja, dirisha moja, kama ramani ilivyotaka, na mabati yote niliyokuwa nayo yakaishia juu yake. Mvua iliponyesha, choo cha mama hakikuvuja hata tone. Mimi na mbuzi tulikuwa tukikitazama kutoka bandani.