Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Nilimpiga mtoto wangu kwa sababu ya sufuria. Sitazunguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, huku Kakuma, chai imemwagika sakafuni, na mkono wangu ulifika shavuni kwake kabla akili yangu haijafika. Ana miaka mitatu. Hakulia. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akaitazama mikono yangu, na tangu siku hiyo kila nikiinuka aliitazama.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Lodwar, akakaa siku mbili, akaona. Hakunigombeza. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema, "Huyu naenda naye. Siku mikono yako ikipoa, utakuja kumchukua."

"Ni mtoto wangu, Mama."

"Ni wako. Ndiyo maana nimekuambia utakuja."

Nilimpigia simu baba wa mtoto, ambaye kazi yake iko Kainuk, nikitaka anitetee. Akauliza, "Mama amesemaje?" Nikakata.

Nilimchukia yule mama wiki nzima. Halafu, kwa kuwa chuki haimrudishi mtoto, nikaanza kujichunguza. Mimi nauza mitumba. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili. Ikifika saa nne natetemeka, jasho linanitoka, na kila anayeshika nguo bila kununua namwona adui. Nakula chapati na maharagwe, natulia. Saa tisa, yaleyale. Na muuguzi alikuwa ameshaniambia kwamba tangu nijifungue sukari yangu iko juu kidogo, nipunguze vyakula vya wanga.

Kupunguza sijui. Mimi naacha au siachi. Nikaacha vyote: ugali, wali, chapati, maharagwe, sukari, hata embe. Nikabaki na nyama, samaki, mayai na maji.

Jirani yangu wa kibanda, mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu, alicheka mpaka akashika nguzo. "Dada, sasa umekuwa fisi?"

"Fisi hana sukari."

"Hana marafiki pia."

Nilijipa siku kumi. Niliona naweza kwa sababu nimesoma. Kwenye daftari langu la sekondari niliandika, kwa kalamu nyekundu, kwamba mafuta ya wanyama huziba mishipa. Basi nilinunua paja la mbuzi, nikakata kila kilichokuwa cheupe, nikamtupia mbwa wa jirani. Chumvi pia nikaiacha, maadamu nilikuwa naacha. Siku ya kumi kichwa kilikuwa kinagonga, miguu mizito kama nimeivuta kutoka topeni, na hasira imezidi ile ya mandazi. Lakini siku zilikuwa zimetimia. Nikaenda Lodwar kuchukua mtoto wangu.

Mama mkwe alinimiminia chai. Nikaikataa. Kwetu mgeni hakatai chai, na yeye hakuwa amewahi kuona mtu akiikataa.

"Sinywi sukari siku hizi, Mama. Nakula nyama tu."

Kabla hajajibu, mtoto alivuta mkoba wangu, zipu ikakatika. Nilipiga kelele mpaka mbuzi waliokuwa uani wakasimama. Mtoto akatazama mikono yangu.

Mama mkwe akauliza, polepole, "Nyama gani?"

"Paja la mbuzi."

"Na mafuta yake?"

"Nampa mbwa."

Akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya shuka. "Huyo mbwa lazima awe mpole sana!" Halafu cheko likaisha ghafla. "Miaka yote hiyo ya shule, ndiyo ukafundishwa hivyo? Mbuzi wa kiangazi, aliyekonda, unaweza kumla mzima ulale na njaa. Mtoto anayechunga anajua hilo. Nyama tupu haimtulizi mtu."

Alishusha chombo cha mbao chenye kifuniko cha ngozi. Ndani mlikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo, yale ambayo wazee wetu humpaka mtu wakimbariki. Aliyayeyusha kwenye supu ya mifupa, akatia chumvi nyingi, akanisimamia nikinywa. Kichwa kilitulia kabla bakuli halijaisha.

"Mtoto atabaki," akasema, akanipa chombo.

Nilirudi Kakuma nikiwa nimeuma meno. Nilikula kama alivyosema: mafuta kwanza, nyama baadaye, supu yenye chumvi kwenye thamosi asubuhi. Siku za mwanzo nilikimbilia choo, nisidanganye mtu. Kisha mchana mmoja nikashtuka kwamba ni saa saba na sijatetemeka. Mteja aliangusha rundo zima la suruali, akaenda zake. Nikazikunja moja moja.

Jirani alinikazia macho. "Dada, uko mgonjwa?"

"Niko sawa."

"Basi huyo fisi abaki."

Nilikaa miezi miwili ndipo nikarudi Lodwar. Mama mkwe aliniwekea supu, si chai, na chombo kingine kilichojaa mafuta kando yake. Mtoto alinizunguka kwa mbali. Alipopata ujasiri wa kukimbia kuja kwangu, mguu ukagonga chombo. Mafuta ya kondoo mzima yakazama mchangani.

Nilikuwa nimeamini chakula kitaing'oa hasira. Uongo. Ilikuja yote, kutoka tumboni, moto uleule. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa nimefika kabla yake. Nilikuwa na nafasi ya kuiona ikija. Nikaiweka mikono yangu chini, viganja juu ya mchanga, mahali anapoweza kuiona.

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika sana."

"Utanipiga?"

"Hapana. Leta kijiko tuokoe ya juu."

Akaenda. Akarudi na kijiko, akachuchumaa karibu nami, tukachota mafuta yenye mchanga, yasiyofaa kitu, tukiyarudisha chomboni. Kijiko cha tatu au cha nne hivi, aliacha kutazama mikono yangu, akawa anatazama kijiko.

Mama mkwe aliinuka, akaingia ndani, na nikamsikia akikung'uta nguo ndogo moja moja, akizifunga kwenye shuka.