Udongo Niliompelekea Binti Yangu

Hata sasa nikiandika haya mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Shamba letu liko Mapinga: mihogo na mchicha kwenye ekari mbili zilizobaki baada ya ndugu zangu kuuza za kwao kwa watu wa mjini. Mnunuzi mmoja hakujenga nyumba. Alizungushia mabati, akaanza kuyeyusha betri chakavu za magari apate risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani yake, ya kuuza. Moshi wake ulikuwa na ladha; uliuonja midomoni kabla hujaunusa. Maji ya betri aliyamwaga nje, yakateremka kwetu. Nilipokwenda kulalamika alinipa soda. Nikainywa, mjinga mimi, nikarudi zangu nyumbani.

Wakati huo binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, na hamu yake ilikuwa udongo. Kwetu hilo si ajabu. Mama yake alikula, bibi yake alikula. Udongo wa sokoni nilimkataza, maana nani ajuaye umepita mikono gani? Nikawa nampelekea wa kichuguu cha shambani, kile kilichopakana na mabati. Niliuchonga kwa kisu, nikauanika kwenye ungo, nikaufunga kwa gazeti. Nilijiona baba wa maana kweli.

Bwana shamba alikuja kwa sababu mchicha ulikuwa unanyauka. Alichukua udongo wa karibu na mabati na wa kule bondeni upande wa pili wa shamba, yasikofika maji ya betri, akaupeleka kupimwa. Aliporudi na majibu alinieleza taratibu. Kila udongo una madini yake, yametoka kwenye mawe tangu dunia iumbwe: chuma, hata risasi kidogo.

"Kule bondeni ni hicho kidogo cha Mungu," alisema. "Huku, mzee wangu, Mungu tusimsingizie. Hii imeletwa na moshi na maji ya betri. Msile kitu cha hapa."

"Na kichuguu je?"

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. "Kwani nani anakula?"

Nilitapika palepale, mbele yake. Yule wa betri alichungulia juu ya mabati akacheka, akidhani nimelewa. Nilimwonea kinyaa yeye na soda yake, lakini kinyaa kikubwa zaidi kilikuwa cha mikono yangu mwenyewe. Niliisugua kwa sabuni mpaka ikawasha.

Nikaenda kwa binti yangu.

"Shikamoo, baba."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo la miezi saba. Hakulia. Alichukua kadi yake ya kliniki, akavaa mtandio.

"Wataniuliza nimeutoa wapi," alisema. "Niseme nini?"

"Sema alikuletea baba yako."

Aliitikia kwa kichwa, akanipita pale mlangoni bila kunishika mkono.