Makopo ya Dirishani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo naota nikiingia tena mlango wa duka lile. Nilikuwa msichana, muuzaji katika magazini, duka kubwa karibu na stesheni, hapa Kindu. Vitambaa upande wake, sabuni upande wake, sufuria ghorofani. Mtu aliingia kununua sindano akatoka ameisahau, kwa kuduwaa tu. Nililipenda duka lile, acha nicheke, kuliko mchumba wangu.

Vita vikaja, treni ikaacha kuja, bidhaa zikaisha. Mzee Ramazani, mwenye duka, alifuta vumbi kila asubuhi kwenye rafu tupu. Mimi niliona aibu. Mzee aliposafiri siku chache, nikatoa stoo makopo matupu ya maziwa ya unga, nikayapanga dirishani mpaka juu. Pakapendeza! Nilisimama nje nikitazama, nikaona kama amani imerudi.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mbali, hadi Lokandu, huko chini ya mto. Baada ya siku chache aliingia bibi mmoja wa huko, amepanda mto siku mbili kwa mtumbwi, vita hivyo hivyo. Mgongoni alibeba mjukuu mchanga aliyefiwa na mama.

"Dada, walituambia kwenu maziwa iko. Nilileta kuku. Unipatie kopo moja tu, ya huyu mutoto."

Akalichukua kopo mwenyewe, akasikia lilivyo jepesi, akaingiza vidole mpaka chini.

Mke wa Mzee Ramazani alimpikia mtoto uji wa mchele, mwepesi. Mzee aliporudi jioni ile hakunifokea. Aliniambia taratibu, "Zaina, rafu tupu haikumuita muntu. Ni weye ulimuita huyu mama."

Kesho yake walirudi kwao. Kama mtoto alikua, sijui. Hata jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo.

Sasa nawe umepata kazi katika magazini mpya, yenye vioo na taa. Panga vizuri, mwanangu, kizuri chajiuza. Lakini kilichokwisha, mahali pake paache wazi, maana anayekiona dirishani huenda ametoka mbali, Punia, kwa njia zile mbovu, na ana mtu anayemsubiri. Usimwite kwa kitu usichonacho.

Nenda kazini. Mungu akubariki, na kila atakayeitwa na dirisha lako arudi kwake amebeba kitu.