Yaya Feza Alitaka Muziki wa Vidole

Enzi zetu, Jumapili ya mji wetu wa Kasongo ilikuwa na misa mbili. Ya asubuhi ilikuwa ya padri, nasi tuliiendea kwa viatu vya kubana na nywele zilizosukwa mpaka macho yanavutwa. Ya mchana ilikuwa ya Orkesta Muvua, na hiyo hakuna mzazi aliyewahi kutusukuma twende. Ninyi tuliokua pamoja nanyi hamhitaji kuelezwa. Hawa wajukuu wanaotuita tate, ambao muziki wao wote unaingia kwenye kidude kidogo kuliko kidole gumba, wakae pembeni kidogo, wazee tuzungumze.

Orkesta iliitwa Muvua kwa sababu kila ilipotangaza kupiga, mawingu yalijikusanya. Walipiga kwenye baa moja iliyozungushiwa uzio wa matete. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, lakini matete yana huruma: kila mmoja wetu alikuwa na tundu lake, na ukikuta mtu kwenye tundu lako mnapigana. La kwangu lilikuwa upande wa choo. Harufu yake Mungu mwenyewe anajua, ila nilimwona mpiga ngoma vizuri sana. Kwanza ilikohoa jenereta, halafu mtu akasema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni, na sisi nje tayari viuno vinawasha. Tulikula karanga za kukaanga zilizofungwa kwa kurasa za madaftari yetu wenyewe, na Jumatatu mwalimu akiuliza hesabu zimekwenda wapi, darasa zima linaangalia dari.

Dada yangu mkubwa, Yaya Feza, aliingia ndani. Alikuwa tayari msichana wa kuposwa, mimi ningali namshika kikwembe. Wengine waliingia kucheza, kunywa, kutafuta wachumba. Yaya aliingia kusikiliza. Alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, macho kwenye vidole vya mpiga solo, na uso ameukaza kama mama mkwe anayeonja mboga. Watu wakasema anamtaka yule mpiga solo. Uongo mtupu! Yule bwana alikuwa na makengeza na kiburi cha jogoo. Yaya alitaka gitaa lake tu.

Mama alichoka naye. "Feza, muziki haipikake sombe!" alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni. Yaya alichukua mchi, akatwanga yale majani ya muhogo kwa mwendo wa rumba, akipunguza na kuongeza kasi pale pale orkesta ilipopunguza na kuongeza. Sombe yake ilikuwa laini kuliko ya nyumba zote za mtaa wetu, mnisamehe majirani. Siku orkesta ilipokwenda kupiga muziki kule Wamaza, vyombo vikiwa vimefungwa kwenye baiskeli, Yaya alifuata nyuma kwa miguu na maji yake kwenye kibuyu. Aliporudi miguu imevimba, Baba hakumsemesha. Alikula bugali wake, akanawa, akasafisha meno kwa kijiti. Mwisho akauliza, bila kumwangalia: "Na ile wimbo yao ya mwisho, waliipiga?"

Yaya akasema waliipiga. Baba akaguna, akaenda kulala na furaha yake.

Na Bisi je, mnamkumbuka Bisi? Kila wimbo ulipoisha, watu ndani walipiga kelele, "Bisi! Bisi!" Sisi wa kwenye matete tulijua kabisa kwamba huyo ni mwanamuziki mkubwa, anayekaa mahali ambapo tundu haliwezi kufika. Wengine walisema ni mrefu, wengine wakasema ni kipofu. Baba mmoja wa Lusangi, aliyekuja kuuza mchele, alisikia jina hilo linavyopendwa, akarudi kwao akampa binti yake mchanga. Binti huyo ndiye Mama Bisi, yupo mpaka leo, ana wajukuu. Nilipomwuliza Yaya huyo Bisi anapiga chombo gani, alicheka mpaka akakaa chini. "Bisi ni Kifaransa, weye mujinga! Wanataka warudilie wimbo."

Sikukuu ndizo zilikuwa kiboko. Idi ilipofika, jirani zetu Waislamu walituletea pilau, sahani imefunikwa kwa kitambaa cheupe, na kesho yake Muvua ikapiga mchana kutwa. Mwaka mpya, Bonana, zamu ikawa yetu kupeleka kuku. Rafiki yangu Zuhura, mtoto wa msikitini kabisa, alikuwa na tundu jirani na langu kwenye matete, na hakuna aliyemwuliza dini yake. Sikuwahi kuona watu wanaosikia wimbo mmoja wakatukanana. Labda walitukanana baadaye.

Jumapili ya mwisho hatukujua kuwa ni ya mwisho. Watu waliita bisi, wakaita tena. Mpiga solo, kwa kile kiburi chake, akashika maikrofoni akacheka: "Bisi mutaipata Jumapili yenye inakuja." Jumapili iliyokuja tulikuwa porini, njia ya Kabambare, godoro kichwani na sufuria mgongoni, Mama akituziba midomo tusikohoe. Vita iliingia Kasongo nyuma yetu. Tuliporudi, siku nyingi zimepita, baa ilikuwa shamba la muhogo. Mpiga solo alikufa kwa homa huko msituni. Mwimbaji alielekea ziwani na hatukusikia habari zake tena. Spika, ngoma, magitaa, vyote tuliambiwa vilibebwa. Nililia kwa ajili ya Baba, ambaye hakurudi. Baadaye, kwa siri kidogo, nililia pia kwa ajili ya Muvua. Nani angeelewa wakati ule mtu akiililia orkesta?

Yaya aliolewa, akafiwa na mume, akazeeka. Masikio yake hayakuzeeka. Alikwenda kukaa nyuma ya kanisa kusikiliza kwaya ikijifunza, na wale watoto wa kwaya walimwogopa. Mwaka juzi vijana walimpeleka kwenye kile wanachoita konseri. Jamani! Kijana anasimama na maikrofoni, sauti yake inatoka kwenye masanduku ya spika hata akifunga mdomo kunywa maji, na jasho linamtoka, sijui la kazi gani. Yaya alirudi mapema, mikono kiunoni. "Kabibi, gitaa iko wapi? Mutu anaimbiwa na simu iko mu mufuko ya suruali!"

Halafu akaugua. Mwishoni hakuwa akiomba dawa tena. Mnajua desturi yetu: tukishazika tunakaa kilioni, kisha inafika siku ya kutoa matanga, nguo nyeusi zinavuliwa, watu wanakula, muziki unapigwa, marehemu anaagwa na wafiwa wanaruhusiwa kucheka tena. Yaya alinishika mkono, akasema: "Siku ya kutoa matanga yangu, musiniwekee yale masanduku. Nataka muziki ya vidole. Unitafutie Muvua."

"Yaya, Muvua iliisha."

"Utatafuta," akasema, akageukia ukutani.

Hakuniomba kitu kingine maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, yeye ndiye aliyenifundisha kutwanga. Tulipokwisha kumzika, nilianza kutafuta. Niliuliza sokoni, niliuliza msikitini, niliwatuma vijana wa pikipiki Lusangi na Kabambare. Kila jina nililopeleka lilirudi na kaburi lake. Mpiga ngoma amekufa. Mtikisa maraka amekufa. Watoto wa Yaya wakaniambia, "Mama mudogo, acha. Tukodi masanduku, watu wacheze." Niliwafokea, nikajifungia ndani kulia, maana walikuwa na haki na mimi sikutaka wawe na haki.

Ndipo habari ikaja kutoka Wamaza kwamba Papa Sumaili yu hai. Yeye ndiye aliyepiga besi, lile gitaa la sauti nene linalotembea chini ya mengine. Nilipanda pikipiki, matope yakanipaka mpaka kwenye nyusi, nikamkuta barazani kwake anabangua karanga. Nikamwambia Feza amekufa. Akaacha kubangua.

"Feza yule mwenye alikuwa anasimama mbele? Mikono kifuani?"

"Ndiye, Papa."

"Tulikuwa tunamuogopa kupita padri," akasema. "Ukikosea kidogo tu, anakunja uso." Akafuta macho kwa kiganja chenye maganda ya karanga. "Besi yangu ningali nayo, niliifukia wakati wa vita. Lakini, Mama Kabibi, besi peke yake haiko muziki. Kazi yangu ilikuwa kubeba wenzangu. Sasa nitabeba nani?"

Nikamwambia tu, njoo.

Alikuja. Siku ile ua wetu ulijaa. Watoto wa Yaya walikuwa wamekodi masanduku yao, na ikabidi tuwaombe wayaunge na gitaa la mzee, kwa shingo upande wakakubali. Papa Sumaili akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akaanza ule wimbo wao wa mwisho, ule ambao Baba aliuulizia.

Mwanzoni nilitamani ardhi inimeze. Dum, dum, kisha kimya, kisha dum. Nikasema moyoni, Yaya, nisamehe, nimekuletea mifupa mitupu. Nikamwangalia Zuhura, ambaye sasa naye ni tate mwenye ushungi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Pale mwimbaji alipokuwa akiingia zamani, Zuhura aliingia pale pale, bila sauti. Papa Sumaili alifika mahali pa solo, akapunguza, akangoja. Alingoja kweli, kichwa kimeinama upande wa kushoto ambako yule bwana mwenye makengeza alikuwa akisimama. Kisha akaendelea. Na sebene ilipofika, pale wimbo unapokimbia na watu wanaruka, sisi wazee wote tuliinuka kwa pamoja, hakuna aliyetuita. Hata Mama Bisi, aliyebeba jina tu, aliinuka na fimbo yake. Tulicheza huku tunalia, kila mmoja akisikia magitaa yote mahali pake, na ngoma, na jenereta ikikohoa nyuma. Nilivua kitambaa cheusi kichwani nikakiangusha chini. Nilijua Yaya hakukunja uso.

Nota ya mwisho ilipokufa, mzee aliweka kiganja juu ya nyuzi. Vijana walikuwa wamesimama kando ya masanduku, wengine wanaangalia simu, kwa adabu, wakitusubiri. Mjukuu wa Yaya, mtoto mwenye macho yake kabisa, akanivuta kikwembe.

"Tate, muziki itaanza saa ngapi?"

Nikampangusa vumbi usoni.

"Imeisha, mama," nikamwambia. "Imeisha."