Anazikuza Seli za Watu Asiowajua

Saa mbili asubuhi, mtaalamu wa maabara anavaa glavu ya pili juu ya ya kwanza, anapandisha barakoa na kufunga mlango nyuma yake. Mpaka adhuhuri hatasema neno. Kuongea mbele ya chupa zilizofunguliwa ni marufuku, na hata ingeruhusiwa, angeongea na nani? Mwenzake aliacha kazi mwaka jana. Sisi tuliokuja kumsalimu tunamtazama kupitia kioo.

Kwenye kabati lenye joto la mwili wa binadamu zimelala chupa bapa nane. Zina seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo ya wagonjwa wa magoti. Anazikuza kwa wiki nne, kisha daktari anamrudishia kila mtu zake, gotini. Matibabu bado ni ya majaribio.

"Mdogo wangu hunitania, 'Dada, wenzako wanahangaika kupunguza vitambi, wewe unavifuga!'" anasema anapotoka. Anacheka, lakini si sana.

Ana miaka hamsini na mmoja, ni mjane, na watoto wameshahama. Kwa miaka sita amekuza seli za wagonjwa tisini na wawili. Hajamwona hata mmoja. Kanuni zinataka chupa ziingie na namba na zitoke na namba.

"Seli hazijui sikukuu," anasema. "Kila siku ya tatu zinataka maji mapya ya lishe. Na ukiziweka chache mno, zinagoma kukua. Zinataka majirani."

Namba kumi na saba ya mwaka huu ilimtoa jasho. Ilisuasua wiki mbili, ya tatu ikachangamka. Siku moja kabla ya chupa kuondoka, muuguzi akapiga simu.

"Mama, hiyo kumi na saba achana nayo. Mwenyewe amejitoa."

"Kwa nini? Anaumwa?"

"Mama, unajua siruhusiwi kusema."

Ilibidi aziue kwa mkono wake, kwa kumimina dawa ya klorini chupani.

"Zilikuwa hai kabisa. Nikakaa pale kwenye korido nikalia kama mfiwa, na sijui nimefiwa na nani. Mwanamke, mwanamume, mzima, marehemu, sijui."

Alipomsimulia bintiye kwa simu, binti alisema, "Pole, mama. Lakini si ni seli tu?" Akajibu ndiyo, wakazungumza mengine.

Wiki hiyo hiyo aliiandikia barua kamati ya maadili. Aliomba kila sanduku la seli liondoke na kadi, ambayo mgonjwa akipenda ataijaza bila jina na kuirudisha maabara. Kamati ilichukua miezi minne kukubali. Kadi ya kwanza inaondoka Alhamisi. Ameiandika mwenyewe, ina swali moja: Unaendeleaje?

"Wasiojibu sitawalaumu, watu wana mambo yao," anasema, akitafuta glavu mpya. "Mmoja tu ananitosha. Sitaki jina, sitaki ahsante. Aniambie tu kama sasa anapanda ngazi."