Jela Kwenye Televisheni ya Mama Mutua

Enzi zetu, televisheni ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na masharti. Pale Magongo, kwenye ploti yetu ya vyumba vilivyotazamana, mwenyewe alikuwa Mama Mutua. Kabla hujaingia kwake unanawa miguu bombani, unavua ndara, unaketi sakafuni na kunyamaza. Ukicheka kabla yake unatolewa. Ukija na kachri za muhogo, unamalizia nje. Hapo ndipo anapokiondoa kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, anakikunja taratibu, na ile televisheni yenye kisogo inaanza kutoa mchele badala ya picha. Mwanawe yuko juu ya bati anazungusha antena, sisi chini tunapiga kelele, "Hapo! Hapo! Umepitisha!" Siku hizi mtoto video ikisita kidogo tu kwenye simu, ananuna kama aliyenyimwa urithi. Tungewapeleka kwa Mama Mutua wiki moja tu, wangerudi na adabu zao.

Raha zetu zilikuwa nyingi na zote za bure au karibu na bure. Tulicheza mdako kwa kokoto kwenye baraza la saruji mpaka vidole vikachubuka. Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa soksi. Tulinyonya barafu za ukwaju mpaka ndimi zikafa ganzi, na malori ya makontena yakipita barabarani sufuria zilitetemeka rafuni. Mama yeyote wa ploti alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukienda kushtaki kwenu, unaongezwa. Lakini katika yote hayo, ninalolikumbuka zaidi mpaka leo ni ile tamthilia ya jela ya wanawake, iliyokuwa ikioneshwa kila Jumatano jioni. Ploti nzima iliipenda. Mimi niliihitaji, kwa sababu mwaka huo mama yangu mwenyewe alikuwa rumande.

Nieleze vizuri, maana wengi walilisema hovyo. Maji yalikuwa hayajatoka kwa siku kadhaa, na yalipotoka, foleni ya mitungi ilifika hadi mlangoni pa choo. Mama Mutua akasogeza mtungi wake mbele ya wa Mama. Wa kwanza kumtukania mwenziwe wazazi ni nani, sijui, na walioshuhudia hawajakubaliana mpaka leo. Ninachojua ni kwamba Mama aliinua mtungi uliojaa nusu akampiga nao, na mkono wa Mama Mutua ukavunjika. Jioni hiyo hiyo polisi wakaja. Hatukuwa na mtu wa kumwekea Mama dhamana, akapelekwa rumande kwenye jela ya wanawake, kule ng'ambo ya daraja. Hakimu akasema wazi: aliyeumia akikubali suluhu, kesi itaisha, asipokubali, itasikizwa, na mtu aliyevunja mkono wa mwenziwe mbele ya ploti nzima ana lipi la kusema? Kwa hivyo mama yangu kurudi au kutorudi kulikuwa mdomoni mwa Mama Mutua. Na Mama Mutua alikuwa ameapa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba hasamehi mtu.

Nyanya akavuka feri kutoka Mtongwe kuja kukaa nami. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyepoteza neno. Siku za kumwona Mama alikwenda peke yake, watoto hawapelekwi mahali kama pale, na akirudi nilimng'ang'ania aniambie. Jibu lilikuwa moja: "Mamako yuwala, yuwalala. Wataka nini tena?" Nilitaka kila kitu. Nilitaka kujua analala juu ya nini, nani anamsuka nywele, kama anapigwa. Hakuna aliyenijibu. Ila Jumatano jioni, kwenye chumba kinachotazamana na chetu, ukuta ulifunguka na ndani yake mlikuwa na jela.

Nyanya alinikataza. "Mguu wako usikanyage kwa yule." Nikakanyaga. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni miguu inatiririka maji, nikiwa na hakika nitafukuzwa mbele ya wenzangu. Mama Mutua alikuwa kwenye kiti chake, plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, imening'inizwa kwa leso. Watoto wote wakageuka kunitazama mimi, halafu plasta, halafu mimi tena. "Kaa, unazuia mlango," akasema. Nikaketi karibu na miguu yake kwa sababu nafasi nyingine haikuwapo. Kipindi kizima sikuthubutu kukohoa.

Kwenye tamthilia hiyo mlikuwa na msichana aitwaye Subira, aliyefungwa kwa kosa asilolitenda, na askari jela mmoja mnene, Afande Koleo, aliyemwandama kama kupe. Wenzangu walimzomea Koleo kimoyomoyo, maana sauti ilikuwa haramu. Mimi sikumtazama Subira wala Koleo. Nilitazama nyuma yao, wanawake wa gauni za mistari waliokuwa wakifua na kupanga foleni ya uji, nikijifunza maisha ya Mama.

Ramadhani ikaingia, na kesi ilipangwa kusikizwa Jumatatu moja ya mwisho wa mfungo. Nyanya akaanza kupeleka futari kwa majirani, kama ilivyo ada kwetu: kila mlango sahani yake, muhogo wa nazi, kaimati chache, kipande cha samaki tukijaaliwa. Alipofunika sahani ya mwisho akanipa. "Ya Mama Mutua hii." Nilidhani amekosea. "Jirani ni jirani," akasema. "Ugomvi hauondoi ujirani. Nenda, adhana yaja."

Mama Mutua alifunua, akanusa, akafunika. Akanirudishia. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniambia, "Ambia nyanya yako mimi sikulangi dawa za watu." Hapo nikaelewa. Yeye alikuwa ametoka Ukambani, Nyanya katoka Mtongwe, na kila mmoja alikuwa amelelewa akiambiwa kwamba kwa mwenziwe ndiko kwenye dawa kali za kufunga watu midomo. Kwa akili yake, muhogo ule ulikuwa wa kumfunga mdomo mahakamani. Nilipomfikishia Nyanya maneno hayo alicheka kicheko kimoja kikavu. "Nani wa kumtisha Mkamba kwa uganga?" Lakini magharibi iliyofuata sahani ikapakuliwa tena, na mimi nikavuka uani tena, nikarudi nayo tena kama nilivyokwenda nayo.

Jumatano ya kabla ya kesi, kipindi kilianza watu wakiwa bado na tende mdomoni. Nilidhani Nyanya yuko msikitini. Kumbe hakuwa msikitini. Kumbe Jumatano zote zile alikuwa akisimama nje ya dirisha la Mama Mutua, amejitanda leso mpaka puani, akitazama kupitia pengo la pazia. Na Nyanya, ambaye kwao Mtongwe televisheni aliisikia tu ikitajwa, hakujua kama mambo yale yanaigizwa. Alikwenda jela kweli, alionana na mwanawe kwenye chumba cha wageni, lakini ndani hakuwahi kupaona. Aliamini pale ndipo ndani. Kila Jumatano alimtafuta mwanawe kati ya wale wanawake wa nyuma, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, ila mimi nilijua kwamba hayumo.

Jioni ile Afande Koleo alimburura mwanamke mmoja wa foleni ya uji, si Subira, mmoja tu asiye na jina, mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa kama Mama. Akamtupa kwenye chumba cha giza. Muziki ukapanda. Mwanamke akaanguka kifudifudi, akatulia.

"Mwanangu!" Ukelele ulitoka dirishani. "Wamuua mwanangu! Wamuua Mwanasha!"

Mama Mutua aliinuka, akatuvuka sisi watoto, akatoka nje. Nikamfuata mbio, nikijua sasa ndipo patavunjika mkono wa pili. Nyanya alikuwa ameshika nondo za dirisha, leso imemwanguka mabegani.

"Mama," Mama Mutua akamwambia, "hao ni watu wa kuigiza. Huyo dada ni mzima. Jana nimemwona kwa tangazo ya sabuni."

Nyanya hakuelewa, au alielewa na haikumsaidia. Alimtazama usoni. "Na wangu naye yuwaigiza?"

Mama Mutua akamshika Nyanya kwa mkono wake mzima, akamwingiza ndani, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile ambacho hata mumewe hakukikalia kipindi kikiendelea. Akaizima televisheni katikati, jambo ambalo halijawahi kutokea, akawatoa watoto wote. Mimi sikutoka, na hakuna aliyeniambia nitoke.

Nyanya alikuwa akiitazama plasta. "Wauma bado?" akauliza.

"Usiku ndio inauma."

"Nilomzaa mimi ndiye aliyeuvunja. Nakutaka radhi, mwanangu. Sikuja kwa kesi. Kesi ni ya Mungu na serikali. Nakutaka radhi ya mkono."

Mama Mutua akaketi sakafuni, pale petu watoto. "Mama, tangu nivunjike, watu wananikujia na mambo ya kesi. Mzee wa mtaa, kesi. Watu wa ploti, kesi. Hakuna mtu ameuliza mkono." Akalia, mwanamke yule tuliyemwogopa kuliko mwalimu mkuu. Nilipata hofu kubwa kuliko ya wakati wa ugomvi, kwa sababu mtu mzima anayelia hujui atainuka na lipi.

Aliinuka na sahani. Futari ya siku hiyo, niliyoileta kipindi kikianza, ilikuwa bado iko mezani, imefunikwa, haijarudishwa. "Onja kwanza," akamwambia Nyanya. Nyanya akamega muhogo, akala, akalamba vidole. Kisha Mama Mutua akala, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, na Nyanya, ambaye angenikata mkono mimi kwa kula hivyo, hakusema kitu.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Usiku wa kuamkia kesi tulimsikia Baba Mutua kutoka ng'ambo ya ua. Alikuwa dereva wa winchi bandarini, mpole siku zote, lakini usiku huo alinguruma. "Ukimsamehe huyo, kesho kila mtu hapa atakuvunja!" Sauti ya mkewe hatukuisikia kabisa. Asubuhi walitoka wote wawili wamenuna, yeye mbele, mkewe nyuma, na Nyanya akiwafuata kwa mbali. Nilikwenda shule nikakaa darasani sioni ubao.

Niliporudi alasiri, mlangoni petu palikuwa na ndara za Mama. Alikuwa ndani, amekonda, amenyolewa kipara, amekaa kitandani anatazama mikono yake. Sikumkimbilia. Nilisimama mlangoni nikimkagua kwanza, kichwa, meno, miguu, kuhakikisha kwamba wamemrudisha mzima.

Mama Mutua alikubali suluhu mbele ya hakimu, lakini yeye na Mama hawakukumbatiana. Hayo ni ya kwenye tamthilia. Walikaa wiki nyingi hawasemezani, wakipishana bombani kila mmoja akijifanya anaangalia anga. Mpaka Jumatano moja, plasta ikiwa imekwisha kutolewa, Mama Mutua alinisimamisha uani. "Ambia mama yako kipindi inaanza."

Mama alikuja. Alinawa miguu kama sote, akaketi sakafuni karibu na mlango. Jioni hiyo hakuna aliyemtazama Subira. Macho yote yalikuwa kwake: Koleo akifoka, tunamtazama Mama, milango ya chuma ikibamizwa, tunamtazama Mama. Mwisho Mama Mutua hakuweza kuvumilia. "Kwani huko iko hivyo kweli?"

"Karibu na hivyo," Mama akasema. "Ila huko hakuna muziki. Mtu akipigwa, wasikia kupigwa tu."

Mama Mutua akanyoosha mkono ule uliovunjika, akapunguza sauti mpaka mwisho. Tukaitazama sehemu iliyobaki bila sauti, midomo ikitikisika, milango ikifungwa kimya, na hakuna aliyelalamika.

Leo nakaa Mikindani, kwenye fleti, ghorofa ya tatu, na televisheni iliyoganda ukutani kama mchoro. Hakuna anayenawa miguu kuitazama, kwa kuwa hakuna anayeitazama. Wanangu kila mmoja ana simu yake na pembe yake. Mimi pia, nisijifanye mtakatifu. Nimepata tamthilia nyingine ya jela ya wanawake, nzuri kweli, naitazama jikoni na visikizi masikioni. Nikiwasimulia habari za Nyanya dirishani, wanacheka: "Yaani hakujua ni kuigiza?" Nami nacheka nao, kisha nakasirika kwa nini nimecheka.

Mwezi uliopita polisi walimchukua mwanamke wa mlango wa pili kutoka kwetu. Nilikuwa ndani, mlango nimefunga, sikusikia lolote. Nilisoma asubuhi kwenye kundi la simu la wapangaji, kati ya tangazo la maji na malalamiko ya takataka. Nikauliza ni yupi. Wakanijibu, yule mwenye watoto. Jina lake hakuna aliyelijua.

Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, sasa wale watoto wanalala kwa nani?"

Nikamwambia sijui. Akarudi kwenye simu yake. Enzi zetu asingelikuwa na haja ya kuuliza. Wangelikuwa tayari wamelala kitandani mwake, wananyang'anyana naye shuka.