Siku Niliyohamia Gari la Ami Seif

Sisi tuliokulia Maskati wakati ramani bado ni za karatasi, safari ya Ulaya ilikuwa habari ya mtaa mzima. Pale mtaani kwetu Ansab nguo zilianza kushonwa miezi miwili kabla, na mama alikaanga visheti kana kwamba huko twendako watu hawali.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja tulikwenda Uswisi familia mbili, yetu na ya Ami Seif, mdogo wake baba. Ugomvi ulianzia sebuleni kwetu, hata tiketi hazijakatwa.

"Kaka, tukodi magari mawili tufuatane," alisema Ami Seif. "Tukitaka kusimama, tunasimama."

"Mimi nnauza vipuri vya magari dukani kule Ghala mwaka mzima, halafu nikaendeshe gari hata huko Uswisi?" baba akamjibu. "Nnataka treni. Dereva haoni wanawe, anaona barabara tu."

Baba alizaliwa Tabora, akakua akisikia honi ya treni. Huku kwetu treni ya kupanda haikuwepo, na hamu ile aliishi nayo tu. Basi wakakubaliana kila mmoja aende apendavyo, jioni tukutane hotelini.

Hapo ndipo gere iliponishika, wivu wa kitoto. Binamu yangu Rahma, rika langu, alipita kwenye gari jeupe, kioo kimeshushwa, nywele zinapepea. Sisi tukikimbia stesheni na masanduku, mama kashika abaya lake juu, maana treni ya pili inaondoka baada ya dakika nne, na baba anacheka kama mtoto. Ndani ya behewa mama akatoa chupa ya kahawa, akamkaribisha visheti bibi wa kizungu aliyekaa mbele yetu. Bibi akala, akaomba na kingine. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Jioni Rahma alinijia midomo myekundu. "Leo tumesimama shambani tukachuma cheri. Nyinyi mmeona nini?"

Siku ya tatu nikashindwa kujizuia. Mbele ya wote nikasema, "Bora ningezaliwa kwa Ami Seif!"

"Astaghfirullah!" mama akashika mdomo. Baba hakunikaripia. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi kesho panda gari la ami yako."

Nisiseme uwongo, siku ile nilistarehe. Nilipewa kiti cha dirishani, nikala cheri mpaka tumbo likauma, tukatia miguu ziwani, maji baridi mpaka tukapiga kelele. Hata Ami Seif na mkewe walipogombana juu ya ramani, mimi na Rahma tulicheka nyuma kimyakimya.

Tulipofika hotelini, baba, mama na kaka yangu Nasor walikuwa wamekaa nje kwenye benchi. Nasor anafuta machozi kwa kicheko. Mama naye anafuta macho, lakini yeye hacheki.

"Mnacheka nini?"

"Leo ndani ya treni baba katuhadithia alivyohama Tabora," Nasor akasema. "Bibi mzaa baba kaingia na kuku ndani ya treni! Kuku akachoropoka, mkaguzi wa tiketi akamfukuza behewa zima, na bibi aliyekuwa analia tangu stesheni akaanza kucheka."

Nikamkalia baba magotini, mkubwa vile. "Nihadithie na mimi."

"Siku nyingine, mwanangu. Hadithi ile inataka treni."

Kesho yake tukarudi Maskati. Ulaya hatukwenda tena pamoja. Mwaka mmoja duka, mwaka mwingine mama mgonjwa, kisha baba mwenyewe miguu ikakataa. Kabla ya hapo tulikuwa tukenda Quriyat kununua samaki, yeye akiendesha, macho barabarani. Nikimkumbusha ile hadithi husema, "Inshallah." Akafariki hajanihadithia.

Juzi wanangu walikuwa wakipanga safari yao ya Ulaya, vichwa vimezama simuni. Salim anataka gari la kukodi ili kila mtu achaji simu yake. Maryam anataka treni kwa sababu ina intaneti. Dirisha hakulitaja hata mmoja wao. Nasor alikuwa kaja kwa chakula cha mchana, akawahadithia habari za kuku wa bibi. Wakacheka kidogo, wakarudi kwenye simu zao.

"Baba alikaa wapi siku ile kwenye treni ya Uswisi?" nikamuuliza.

"Mkabala na mimi. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu."

Watoto wa leo wakipitwa na jambo hulitafuta simuni, wakaliona na kulisikia upya. Ya baba hakuna aliyeyarekodi. Yamo kichwani mwa Nasor, na kila mwaka anasahau kidogo. Gere niliyomwonea Rahma ilinitoka zamani, tulipokuwa bado watoto. Ninayomwonea Nasor ninayo mpaka leo.